Punje nyeupe kwenye kimondo: zilitoka wapi?

Toleo lililopita tuliweka picha ya kipande cha kimondo cha Allende, kimekatwa na kusuguliwa mpaka kikang'aa, na maswali yaliyokuja ni mengi kuliko nilivyotegemea. Mengi yanauliza kitu kile kile kwa maneno tofauti, kwa hiyo nimechagua sita. Mengine nayajibu kwa urefu maana yanastahili, mengine kwa kifupi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mwanafunzi wa sekondari. Kwenye ile picha jiwe lote ni kijivu cha kuiva karibu na weusi, ila ndani kuna mabaka meupe kama chokaa, moja limekaa kama wingu lililochanika. Chini mliandika "vitu vya kwanza kuganda kwenye mfumo wa jua". Vinagandaje wakati huko angani hakuna maji? Na kwanini vyenyewe vyeupe na jiwe jeusi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na nimefurahi umeangalia picha kwa makini hivyo maana hilo wingu lililochanika ndo lenyewe haswa. Tuanze na hilo neno kuganda. Fungua friza ya zamani utaona ukutani kuna barafu nyeupe kama unga, sasa ile haikuwa maji yaliyomwagika yakaganda, ni mvuke uliokuwa kwenye hewa ukagusa baridi ukageuka barafu moja kwa moja bila kupitia kuwa maji. Hilo ndo lililotokea, isipokuwa huo mvuke haukuwa wa maji, ulikuwa mvuke wa mawe.

Yani miaka bilioni nne na nusu na kidogo iliyopita kulikuwa na wingu la gesi na vumbi likajikunja kwa uzito wake lenyewe, katikati likaanza kuwa jua na vilivyobaki vikawa vinazunguka pembeni kama sahani bapa. Karibu na hilo jua changa joto lilikuwa kali kiasi kwamba kalsiamu ilikuwa gesi, aluminiamu gesi, chuma gesi, silikoni gesi, zote zimechanganyika ndani ya haidrojeni ambayo ndo ilikuwa nyingi kupita vyote. Halafu hiyo gesi ikaanza kupoa. Na mgandamizo wake ulikuwa mdogo mno, labda sehemu moja ya elfu ya hewa tunayovuta au hata chini ya hapo, kwa hiyo vitu vingi havikupata nafasi ya kuwa kimiminika, vilitoka kwenye gesi vikawa fuwele papo hapo.

Sasa kila kitu kina zamu yake. Mwaka 1972 mtafiti Lawrence Grossman alipiga mahesabu ya gesi yenye mchanganyiko kama wa jua, akauliza tu, ikipoa taratibu nani anaganda kwanza? Kwa mgandamizo huo wa sehemu moja ya elfu jibu likaja hivi: ukifika kwenye digrii 1,480 hivi za Selsiasi inatokea korundamu, ambayo ni aluminiamu na oksijeni tu, madini yale yale ya yakuti. Ukishuka zaidi inakuja perovskiti yenye kalsiamu na titani, halafu meliliti kwenye digrii 1,350, halafu spineli kwenye 1,240 au hapo karibu. Chuma na madini ya kawaida ya mawe kama olivini yanasubiri mpaka digrii 1,200 na kushuka. Na ukifungua zile punje nyeupe za Allende unakuta nini? Meliliti, spineli, perovskiti. Orodha ya karatasini na orodha ya kwenye jiwe zinafanana hivyo. Ndo maana wataalam wanaziita CAI, herufi za Kiingereza, C ya kalsiamu, A ya aluminiamu na I ya "inclusion", yani kitu kilichonaswa ndani ya jiwe, mi hapa ntaziita punje nyeupe tu.

Na weupe wake jibu limeshajitokeza hapo juu ukiangalia vizuri. Kinachotia mawe giza mara nyingi ni chuma. Wakati punje hizi zinaganda chuma kilikuwa bado gesi, kinaelea tu, kwa hiyo hazikupata chuma karibu kabisa. Lile jeusi linalozizunguka ni vumbi laini lililokuja kujikusanya baadaye sana, lina chuma, lina salfa, lina kaboni. Ila usidhani zote ni nyeupe, ndani ya kimondo cha Murchison kilichoanguka Australia Septemba 1969 kuna fuwele ndogo sana za hiboniti, nayo ni madini ya kundi hili hili, na ni za buluu kweli kweli, ukiziona kwenye hadubini zinang'aa kama vioo vidogo vilivyovunjika. Titani kidogo iliyomo ndo inayoipa hiyo rangi.

Allende yenyewe ilianguka usiku wa tarehe 8 Februari 1969 jimbo la Chihuahua, Meksiko, vipande vikatapakaa eneo kubwa, vikaokotwa kama tani mbili hivi. Naona muda wake ulikuwa wa ajabu, maana maabara zilikuwa tayari zimejiandaa na mashine mpya kabisa zikisubiri mawe ya mwezini ambayo Apollo 11 iliyaleta Julai mwaka huo huo. Kabla ya mwezi kufika, anga likawa limeshatuma jiwe lenye umri mkubwa kuliko mwezi.

SWALI: Mimi nasomea kemia chuo, na hii habari ya mvuke kuganda sijaikubali moja kwa moja. Ukichukua vumbi la kawaida ukalichoma sana, vyepesi kuondoka vitaondoka na vigumu kuondoka vitabaki, kalsiamu na aluminiamu ni ngumu kuondoka, kwa hiyo matokeo ni yale yale. Kwanini msiseme punje hizi ni masalia ya vumbi lililochomwa?

JIBU: Hili ndo swali nililolipenda kuliko yote na nikuambie ukweli hata watafiti wenyewe walibishana nalo miaka mingi. Kwa kuangalia majina ya madini peke yake huwezi kutenganisha, umesema kweli, kupanda ngazi na kushuka ngazi unapita vidato vile vile. Kinachotenganisha ni vitu vidogo vidogo vilivyojificha ndani.

Kwanza elewa kwamba vitu vyenye kuganda mapema ni kidogo, kama asilimia 5 hivi ya mata yote ya mawe iliyokuwemo kwenye hiyo gesi. Sasa kuna elementi ambazo zinapatikana kwa uchache sana ila zinapenda kuganda mapema pamoja na kalsiamu, kwa mfano zile zinazoitwa ardhi adimu. Zikiwa zote zimejibana kwenye hiyo asilimia 5, unategemea ndani ya punje ziwe nyingi mara 20 hivi kuliko kwenye mata yote ya mawe, na ukipima unakuta mara 15, mara 20, hapo hapo. Lakini hata masalia ya kuchoma yangetoa namba hiyo, sawa? Tuendelee.

Kuna kundi la punje, na si chache, ambazo zina kasoro ya ajabu sana. Zile ardhi adimu zinazoganda mapema kuliko zote hazimo, au zimo kidogo sana. Za kati zimo tele. Za mwisho kabisa zimepungua pia. Sasa kaa uwaze, kama ungechoma vumbi mpaka libaki gumu tupu, zile ngumu kuliko zote ndo zingekuwa za mwisho kuondoka, haiwezekani ziondoke halafu nyepesi kuliko zenyewe zibaki! Njia inayoeleweka ni kwamba gesi ilianza kupoa, zile za kwanza zikaganda kwenye punje fulani, hizo punje zikatolewa pale zikaenda zake, na gesi iliyobaki ikiwa imeshapungukiwa ndo ikaendelea kupoa ikatengeneza punje za kizazi cha pili, na hizo nazo zikaondolewa kabla gesi haijamaliza kupoa. Kumbukumbu ya kitu ambacho hakipo tena imebaki kwenye upungufu wa kitu kingine. Mimi binafsi huo ushahidi ulinikalia kichwani siku nyingi baada ya kuuelewa.

Halafu kuna maumbo. Baadhi ya punje hasa zile kama wingu lililochanika zimejaa mapengo na mikunjo, ni vijifuwele vingi vimeshikana kama theluji inavyoshikana, hakuna dalili kwamba ziliwahi kuyeyuka, na kitu kilichoyeyuka kingejivuta kikawa duara.

Ila sasa na wewe nikupe haki yako maana nusu ya unachosema kimetokea kweli. Punje nyingine baada ya kuganda zilichomwa tena. Chukua aina moja ya Allende, kubwa, karibu sentimita moja au zaidi, ya duara, ikate katikati uisogeze kwenye hadubini ya elektroni. Pembeni utaona koti la meliliti tupu limezunguka pande zote, fuwele zake zimekua kuelekea ndani. Ukiingia katikati unakuta piroksini yenye titani na meliliti nyingine, na kila mahali zimetapakaa fuwele za spineli ndogo ndogo zenye pembe nne kali, zimenaswa ndani ya hayo madini mengine kama mbegu. Huo mpangilio ni wa tone, yani lilikuwa limeyeyuka karibu lote kwenye digrii 1,400 hivi, spineli zikiwa tayari zimeganda ndani yake, kisha likaanza kuganda kuanzia nje kwenda ndani. Watu wameyeyusha mchanganyiko kama huo maabara wakaupoza kwa kasi tofauti tofauti na mpangilio unaofanana unatokea ukipoza kwa digrii chache mpaka makumi ya digrii kwa saa. Hiyo ni haraka! Sahani nzima ya gesi haiwezi kupoa kwa saa au siku, kwa hiyo lazima kulikuwa na joto la ghafla la mahali hapo, likaja likapita.

Na humo ndani ya tone lililoyeyuka ndo kuna kule kugeuka mvuke unakokuzungumzia. Magnesiamu ina isotopu, yani atomi za elementi ile ile zenye uzito tofauti, nyepesi na nzito, ikigeuka mvuke nyepesi zinatangulia kutoroka na nzito zinachelewa. Punje hizi zilizoyeyuka zina magnesiamu na silikoni ambazo zimeegemea upande wa nzito, yani kuna iliyotoroka. Punje zilizofanana na theluji kwa kawaida hazina hali hiyo. Kwa hiyo jibu langu kwako mwanakemia ni kwamba mvuke uliganda kwanza, halafu baadhi ya vilivyoganda vikapikwa upya, na baadhi vikapikwa zaidi ya mara moja. Mwisho kabisa karibu zote zikavishwa ganda jembamba la tabaka tabaka za madini, unene wa kama unywele au pungufu, ambalo David Wark na John Lovering walilieleza miaka ya 1970 na mpaka leo linaitwa kwa majina yao.

SWALI: Mnasema zina miaka bilioni 4.567. Hivi namba kama hiyo mnaipataje, na yenye tarakimu nyingi hivyo? Hakuna mtu aliyekuwepo.

JIBU: Kweli hakuna aliyekuwepo dada yangu, lakini urani ilikuwepo. Punje ikishaganda inakuwa imefunga ndani urani kidogo sana, na urani inageuka risasi kwa mwendo ambao haubadiliki. Uzuri ni kwamba urani ziko mbili, 238 inayopungua nusu kila miaka bilioni 4.47 na kutoa risasi 206, na 235 inayopungua nusu kila miaka milioni 704 na kutoa risasi 207. Ni kama saa mbili zenye mwendo tofauti ukutani mmoja, ukilinganisha risasi hizo mbili unapata umri kwa usahihi mkubwa. Vipimo vilivyotoka mwaka 2012 vilitoa miaka bilioni 4.5673, na wasiwasi wake ni miaka laki moja na nusu hivi kwenda mbele au nyuma. Kulinganisha tu, madini ya zamani kuliko yote yaliyopatikana hapa duniani ni chembe za zirkoni kutoka Jack Hills, Australia, zenye miaka bilioni 4.4. Dunia imejipika na kujigeuza mara nyingi mno, kumbukumbu zake za mwanzo zimefutika.

Ila kuna saa nyingine ambayo mi naipenda zaidi, imeshasimama siku nyingi. Ni aluminiamu 26. Hii ni aluminiamu yenye mnururisho, inapungua nusu kila miaka laki 7 na kidogo ikigeuka magnesiamu 26, kwa hiyo kwa sasa iliyozaliwa na mfumo wetu imeshaisha kabisa, haipo. Utajuaje kama ilikuwepo? Mwaka 1976 watafiti Lee, Papanastassiou na Wasserburg pale chuo cha Caltech, Marekani, walichukua punje ya Allende wakapima madini yake moja moja. Anothiti ina aluminiamu tele na magnesiamu karibu hakuna, spineli ina zote mbili. Wakakuta magnesiamu 26 ya ziada, na ziada yenyewe inafuata aluminiamu, penye aluminiamu nyingi kuliko magnesiamu ndo penye ziada kubwa. Kama hiyo ziada ingekuja kutoka nje ingekaa popote, lakini ilikaa mle mle ambamo mama yake alikuwa amekaa. Maana yake aluminiamu 26 ilikuwa hai wakati punje inaganda na ikafia humo humo.

Wakirudisha mahesabu nyuma wanakuta karibu kila punje ilianza na kiwango kile kile, kama tano kwa kila laki moja za aluminiamu ya kawaida. Kiwango kikiwa kimoja maana yake zote ziliganda ndani ya muda mfupi sana, huenda usiozidi miaka laki 2. Kuna chache, hasa hiboniti za Murchison, ambazo hazina dalili za aluminiamu 26, na wengi wanaona ziliganda kabla hiyo aluminiamu haijafika au haijachanganyika vizuri. Ilifika kutoka kwenye nyota nyingine kubwa, hapo hakuna ubishi mkubwa, ubishi ni nyota ya namna gani, iliyolipuka au iliyokuwa inapuliza upepo wake nje kabla ya kulipuka.

SWALI: Kaka mi nimesoma sehemu kwamba punje hizi zilitengenezwa jirani kabisa na jua, halafu sehemu nyingine nimesoma vimondo vyenye punje hizi vilitoka mbali huko kwenye baridi. Kipi ni kipi? Haviwezi kuwa vyote viwili.

JIBU: Ni vyote viwili ndugu yangu, na hapo ndo penyewe panapouma kichwa.

Dalili za kuwa karibu na jua ziko kadhaa. Joto lenyewe ni la kwanza. Ya pili ni oksijeni. Mwaka 1973 Robert Clayton na wenzake Chicago walikuta oksijeni ya punje hizi haifanani na ya dunia, oksijeni 16 imezidi kwa asilimia 4 au 5 hivi ukilinganisha na zile nzito. Wakati ule hakuna aliyejua jua lenyewe lina oksijeni ya namna gani. Ikabidi isubiriwe mpaka chombo cha Genesis kilichoenda kukaa nje huko kukusanya upepo wa jua, ambacho kiliporudi Septemba 2004 parachuti zake hazikufunguka kikajibamiza kwenye jangwa la Utah. Watu walikusanya vipande vya vigae vyake kimoja kimoja wakavisafisha miaka, na mwaka 2011 jibu likatoka: jua lina oksijeni 16 nyingi kama punje nyeupe. Sisi wa duniani, Mirihi na vimondo karibu vyote ndo tuliotofautiana. Mimi nikikumbuka wale watu waliokuwa wanaokota vioo vilivyovunjika kwenye tope nasema kazi ile haikupotea hata kidogo.

Ya tatu ni berili 10. Hii haitengenezwi ndani ya nyota, inatokea pale chembe zenye kasi kubwa zinapogonga oksijeni na kuivunja, na mwaka 2000 alama zake zilipatikana kwenye punje ya Allende. Wengi wanaielezea kwamba jua changa lilikuwa na fujo sana, linarusha chembe kila saa, na punje zilikuwa karibu zikapigwa. Zile hiboniti za buluu za Murchison nazo zimekutwa na heliamu na neoni ndani yake za asili hiyo hiyo.

Sasa upande wa pili. Vimondo vyenye punje nyingi ni kondriti za kaboni, yani kundi la vimondo vya mawe ambamo Allende nayo imo, na hizo zinaonekana ziliumbika mbali, nje ya Mshtarii. Kwenye baadhi yake punje zinafika asilimia chache za jiwe zima, wakati kondriti za kawaida zilizoumbika upande wa ndani karibu na jua zina punje chini ya sehemu moja ya kumi ya asilimia. Yani ziko nyingi kule zisikozaliwa na adimu pale jirani na zilipozaliwa! Na mwaka 2006 chombo cha Stardust kilipoleta vumbi la nyotamkia Wild 2, kitu kilichoishi kwenye barafu mbali mno, humo humo ikakutwa chembe ya aina hii, wakaipa jina Inti, mungu jua wa Wainka.

Kwa hiyo zilisafiri, swali ni kwa usafiri gani. Wapo waliosema upepo uliokuwa unatoka karibu na jua ulizirusha juu ya sahani zikadondoka mbali. Wengine wanasema mwanzoni kabisa sahani yenyewe ilikuwa inatanuka kwenda nje, ikabeba punje zilizokuwepo wakati huo. Maelezo haya ya pili naona yana nguvu, kwa sababu yanaeleza pia kwanini zote ni za muda mfupi ule ule wa mwanzo, maana kutanuka kulipoisha usafiri nao uliisha. Kisha Mshtarii ukakua haraka ukakata njia, zilizokuwa nje zikabaki nje, na zilizobaki ndani zikavutwa polepole na gesi mpaka zikaingia kwenye jua.

Hapo kuna kitu kinachonigusa kama msemaji wa Kiswahili. Kundi la vimondo lenye mchanganyiko unaofanana na jua kuliko makundi yote linaitwa CI, na hiyo I ni ya Ivuna, Tanzania, kilipoanguka kimondo mwaka 1938. Ndo kipimo ambacho dunia nzima inalinganishia, hata ile "mara 20" niliyomjibu mwanakemia inahesabiwa kwa kulinganisha na kundi hilo. Na ajabu, kwenye CI zenyewe punje nyeupe ni nadra mno, maji yaliyopita ndani ya mwamba wao mama yaligeuza karibu kila kitu kuwa udongo.

SWALI: Na vile viduara vya kijivu vilivyojaa kila mahali kwenye picha, navyo ni punje hizo hizo?

JIBU: Hapana, hivyo ni kondruli. Ni matone ya mawe yaliyoyeyuka ghafla yakapoa haraka, kwa saa chache tu au pungufu, yana olivini na piroksini, ukubwa wa milimita moja kushuka chini. Henry Clifton Sorby alivitazama kwenye hadubini karne ya 19 akavifananisha na matone ya mvua ya moto. Kwa saa ya aluminiamu vingi vilikuja miaka milioni 2 au 3 baada ya punje nyeupe. Nini kilichoviyeyusha bado kuna mvutano, mawimbi ya mshtuko kwenye gesi au migongano ya miili midogo iliyokuwa inakua. Mara chache unakuta kondruli imemeza kipande cha punje nyeupe ndani yake, ikikata ubishi wa nani alitangulia.

SWALI: Kwa hiyo hakuna kitu cha zamani zaidi ya punje nyeupe? Na hili jambo linaweza kuonekana likitokea leo mahali pengine, au tunaamini mawe tu?

JIBU: Cha zamani zaidi kipo, ila hakikuzaliwa hapa. Ndani ya Murchison kuna chembe za silikoni kabidi zilizotoka kwenye nyota nyingine kabla jua halijakuwepo, na zile zilizopimwa umri nyingine zimeonekana zimezidi jua kwa mamia ya milioni ya miaka, chache hata kwa zaidi ya bilioni. Punje nyeupe ndo za kwanza za kwetu, za mfumo wa jua hili.

Na kuonekana leo, ndio. Julai 2025 zilitoka habari za nyota changa inaitwa HOPS-315, iko umbali wa miaka nuru 1,300 hivi upande wa Orioni. Darubini ya James Webb ikisaidiana na zile antena za ALMA kule Chile ziliona gesi ya silikoni monoksidi, yani mawe yakiwa bado mvuke, na pamoja nayo madini ya fuwele ambayo ndo kwanza yanaanza kuganda. Nyota ile imekaa kwa namna ambayo pengo kwenye wingu lake linaturuhusu kuchungulia mpaka ndani, na walipopiga hesabu ni wapi hasa kwenye sahani yake jambo hilo linatokea, ikaja sehemu inayolingana na ukanda wa asteroidi kwetu hapa.